Watu Wakiondoka Hubaki Nini?



Wengi wenu mlikuwapo katika mkutano wetu uliopita, na mtakumbuka kuwa maneno yalikuwa marefu kuliko ajenda. Jambo lenyewe lilikuwa mashamba yaliyoachwa: mashamba ya wenzetu waliohamia mjini, au bara, au Maskati, ambayo hapana ayapaliliaye wala ayachumaye. Baadhi yetu walitaka Chama kitoe fedha kidogo yasafishwe, kwa kuwa majirani wanaumia. Mzee wetu mmoja, ambaye hatutamtaja jina ijapokuwa wote mwamjua kwa sauti yake, alisimama akasema kwamba hiyo ni hasara tupu. "Yaacheni," alisema. "Ardhi inajua kujitunza. Mtu akiondoka, nchi hurudi kama ilivyokuwa." Wengine walicheka, wengine wakaitikia, ikaadhiniwa magharibi, na mkutano ukatawanyika bila ya jambo kukatwa.

Neno lile lilitukaa. Tulirudi nalo nyumbani, kisha tukalichukua safarini. Nchi hurudi kama ilivyokuwa. Haya, ilivyokuwa lini? Na lau watu wote wangeondoka, si wa shamba moja tu bali wa dunia nzima, wakaacha majembe chini na milango wazi, ingekuwaje? Swali kama hili laonekana kuwa la barazani, la watu waliokwisha kunywa kahawa na hawana la kufanya. Walakini pako mahali, huku kwetu Afrika ya Mashariki, ambapo jambo hili lilifanyika kweli. Watu waliondolewa, nchi ikaachwa peke yake, na yaliyotokea yakaandikwa.

Mwezi uliofuata tulikwenda bara kwa harusi ya jamaa zetu wa Sengerema. Njia yetu kutoka Mwanza ilipita Kigongo, ukingoni mwa Ghuba ya Mwanza, ambako zamani watu na magari wakivuka kwa kivuko hadi Busisi. Waliopata kupita huko wanajua kungoja kulivyokuwa: malori yamejipanga mlolongo, akina mama wanauza samaki wa kukaanga, na mgonjwa yumo garini anangoja pamoja na magunia. Tarehe 19 Juni 2025 lilifunguliwa daraja, urefu wake kilomita 3 hivi, na sasa ghuba huvukwa kwa dakika chache tu. Tulimwomba dereva ateremke kwanza kwa njia ya zamani tukapaone palipokuwa pakingojewa. Alituona watu wa ajabu, lakini aliteremka.

Palipokuwa na mlolongo wa malori palikuwa na mbuzi. Vibanda vingine vilikuwa vimebaki miti mitupu, na katika nyufa za sakafu nyasi zilikwisha anza kutoka, nyembamba, kama nywele za mtoto. Mzee mmoja alikuwa ameketi kivulini anashona wavu. Tukamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitika, "Marahaba, wanangu. Mmepotea? Daraja liko kule." Tulipomweleza kuwa tumekuja kutazama mahali palipoachwa na watu, alicheka mpaka akaweka sindano yake chini. "Hapa bado," alisema. "Hapa watu wamehama hatua mia. Kama mwataka kuona mahali palipoachwa, shikeni njia hiyo hiyo ya daraja, mpite Geita, mpande mashua mwende Rubondo. Huko waliondolewa watu wote. Walitolewa watu, wakaingizwa sokwe."

Hatukufika Rubondo, kwani harusi haingojei mtu na mfuko wa Katibu una mwisho wake. Lakini khabari za kisiwa kile zajulikana, na mzee yule hakutia chumvi. Rubondo ni kisiwa cha kilomita za mraba 240 hivi, katika pembe ya kusini-magharibi ya ziwa. Zamani walikaa Wazinza, wavuvi na wakulima. Mwaka 1965 kilifanywa pori la akiba na watu wakahamishwa. Mwaka 1977 kikawa hifadhi ya taifa. Mashamba yalishikwa na vichaka, vichaka vikashikwa na miti, na leo sehemu kubwa ya kisiwa ni msitu mzito.

Sasa sikilizeni, kwani hapa ndipo penye jambo. Mgeni afikaye Rubondo leo huona msitu, huona tembo, huona twiga, na usiku husikia sokwe wakipiga kelele, akasema moyoni kuwa hivi ndivyo nchi ilivyokuwa kabla ya mwanadamu. Kumbe sivyo hata kidogo. Tembo waliletwa. Twiga waliletwa. Sokwe waliletwa na Profesa Bernhard Grzimek na wenzake wa Frankfurt kati ya mwaka 1966 na 1969, jumla yao 17, na hawakutoka msitu wa karibu, bali walitoka Ulaya, katika mabustani ya wanyama na sarakasi! Wanyama waliozoea kulishwa kwa mkono walifunguliwa mlango wa sanduku ufukoni, wakaambiwa: haya, nendeni. Hapana aliyewafundisha tunda gani laliwa na lipi ni sumu. Wakajifunza wenyewe, wakajenga viota vyao mitini, wakazaa, na leo ni makumi kadha, wanaowakimbia watu kama sokwe wa msitu wowote. Kwa upande mwingine waliletwa vifaru weusi 16, na hao hapana hata mmoja aliyebaki, maana majangili waliwamaliza. Simba hayupo, chui hayupo. Twiga anakula majani akitembea kama mwenye nyumba, na wa kumkimbiza hapana.

Basi kisiwa kilichoachwa na watu kimejaa mkono wa watu. Kama dunia nzima ingebaki tupu kesho, sokwe wale waliotoka katika sarakasi wangeendelea kuzaana Rubondo, na lau angetokea mwanachuoni wa viumbe wengine huko mbele, angevunjika kichwa kutafuta walivuka vipi maji.

Katika ziwa lile lile, upande wa Uganda, pana kisa kingine kikubwa kuliko hiki, nacho ni cha huzuni. Visiwa vya Sese ni 84, na mwanzoni mwa karne iliyopita vilikuwa na watu wengi na migomba mizuri. Tangu mwaka 1900 hivi ukaingia ugonjwa wa malale katika pwani za Busoga na Buganda. Hadi kufika mwaka 1920 yakisiwa kuwa watu 250,000 walikufa. Mwaka 1903 Daktari David Bruce alionyesha kuwa ugonjwa huchukuliwa na mbung'o wa ukingoni mwa maji. Daktari Robert Koch, yule Mjerumani mashuhuri, alikaa Sese mwaka 1906 na 1907 akijaribu dawa, na katika waliotibiwa wako waliopofuka kwa dawa yenyewe.

Gavana wa Uganda wakati ule, Hesketh Bell, aliona hapana njia ila moja: watu waondoke. Tangu mwaka 1906 wakaaji wa ukingoni walianza kuhamishwa ndani ya nchi, na kufika mwaka 1909 visiwa vilikuwa vitupu. Nia yake ilikuwa njema na hesabu yake ilikuwa nyepesi. Mbung'o hupata ugonjwa kwa damu ya mtu. Ondoa mtu, mbung'o watakosa ugonjwa, na baada ya muda nchi itajisafisha wenyewe. Yaani ni neno lile lile la mzee wetu mkutanoni, isipokuwa limesemwa na Gavana.

Alipelekwa mtaalamu mmoja kijana, Carpenter, kutazama. Alikaa katika visiwa vile kuanzia mwaka 1910, yeye na watumishi wachache, kazi yake kukamata mbung'o na kuwapima. Watu wamekwisha ondoka, nyumba zimeanguka, vijia vimezibwa na majani. Lakini mbung'o wale, mwaka baada ya mwaka, walikutikana bado wana ugonjwa. Uliwekwa na nani? Uliwekwa na nzohe. Nzohe ni mnyama wa jamii ya paa akaaye katika mafunjo, na miguu yake mirefu imeumbwa kwa matope. Watu walipokuwapo wakimwinda, naye akijificha majini. Watu walipoondoka alizidi wingi, akatoka mafunjoni, akakaa nchi kavu palipokuwa pakilimwa. Na ndani ya damu yake, bila ya yeye mwenyewe kuugua, ugonjwa wa malale ulikaa kama mpangaji asiyelipa kodi.

Watu waliruhusiwa kurudi karibu na mwaka 1920. Miaka kumi na kitu si mingi, lakini mahali pengi waliporudi hawakukuta migomba, wamekuta msitu. Tukumbuke kuwa walihamishwa kwa lazima, wengine na wagonjwa wao mabegani, na hapana aliyewauliza kama wanataka nchi yao ipumzike. Lakini msitu haukuwa ule wa babu zao. Ulikuwa mwingine, ulioota juu ya vitalu vya migomba na mitaro ya watu, na msomi wa miti huweza kuutambua hata leo.

Hapa tungeweza kwenda mbali zaidi, mpaka Chernobyl, ambako baada ya mtambo wa nguvu za atomiki kuripuka mwaka 1986 watu walihamishwa kilomita 30 kila upande, na sasa mbwa mwitu wanazaana penye nyumba za watu. Na farasi mwitu wanaotembea huko nao pia waliletwa, mwaka 1998. Lakini tusiende Ulaya wakati ghuba ya Kigongo iko mbele yetu.

Tulipomwuliza mzee wetu wa Kigongo samaki wana hali gani, alijibu, "Wanaume wamechoka, samaki pia wamechoka." Kisa cha samaki wa ziwa hili mmepata kukisikia. Zamani palikuwa na aina za furu zaidi ya 500, samaki wadogo wa rangi rangi, ambao kwa wingi wao hawana kifani duniani. Katika miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960 akatiwa sangara, samaki mkubwa mlaji, ili wavuvi wapate nyama nyingi. Kwa miaka ishirini hivi alinyamaza. Kisha katika miaka ya 1980 akajaa ziwa zima, na aina za furu zikapotea, yakisiwa 200 au zaidi. Hayo yalitazamwa kwa karibu sana katika Ghuba hii hii ya Mwanza na wataalamu wa Kiholanzi na wa Tanzania waliokuwa wakivua, kuhesabu na kuandika tangu miaka ya 1970.

Mtu mwenye moyo mwepesi atasema: basi waondoke wavuvi, ziwa litapona. La! Angalieni yaliyotokea. Viwanda vya minofu vilipojengwa na sangara akavuliwa kwa wingi, katika miaka ya 1990 baadhi ya furu walianza kurudi. Kwa maneno mengine, wavu wa mtu ndio uliowapa furu nafasi ya kupumua. Ukiuondoa wavu leo, sangara hapotei. Yeye ndiye atakayebaki akila, na furu waliorudi huenda wakapungua tena. Na la ajabu zaidi ni kuwa furu wale waliorudi hawakurudi kama walivyokuwa. Aina moja ilipopimwa iliyokuwa ikila vijidudu vidogo vya majini, ilionekana imebadili chakula, inakula vidudu vikubwa na uduvi, na mashavu yake ya kupumulia yamekuwa makubwa zaidi, kwa sababu maji yenyewe yamepungukiwa na hewa. Ni miaka michache tu! Jina ni lile lile, samaki ni mwingine.

Kadhalika gugu maji. Asili yake ni Marekani ya Kusini. Lilionekana katika ziwa karibu na mwaka 1989, likaziba bandari na gati mpaka mashua zikashindwa kutoka. Wakaletwa wadudu kutoka huko huko kwao kulila, nalo likapungua. Sasa gugu na mdudu wake wote wamo ziwani, wafukuzana. Watu wakitoweka, vita hivyo vitaendelea bila ya sisi, na hapana atakayewakumbusha kuwa wote wawili ni wageni.

Na nchi kavu? Msafiri aendaye mashariki ya Mwanza hufika, si mbali na Ghuba ya Speke, katika mlango wa magharibi wa Serengeti. Huko ndiko wazungu huja kutazama dunia isiyo na mtu. Katika miaka ya 1890 sotoka ilipita ikaua ng'ombe karibu wote, njaa na ndui zikafuata, watu wakapungua, na palipokuwa pakilishwa ng'ombe pakaota vichaka na mbung'o wakaingia. Sotoka ilibaki ikiua ndama wa nyumbu kila mwaka, mpaka ng'ombe wa vijiji vya pembeni walipochanjwa. Mwaka 1961 nyumbu walikuwa 250,000 hivi. Mwaka 1977 wamepita milioni moja na laki tatu. Nyumbu wengi walikula nyasi nyingi, moto wa kiangazi ukakosa cha kuunguza, na miche ya miti iliyokuwa ikiungua kila mwaka ikapata kukua. Tazameni basi: sindano katika ngozi ya ng'ombe wa mchungaji imeotesha miti ndani ya mbuga ambayo ng'ombe yule haruhusiwi kukanyaga. Sotoka ilitangazwa kuwa imekwisha duniani mwaka 2011. Hiyo ni kazi ya watu, na hata watu wakiondoka wote, kazi hiyo haitatenguka.

Tulivuka daraja, tukaoza, tukala pilau, tukarudi. Katika meli ya kutoka Dar es Salaam tulianza kuvitazama visiwa vyetu kwa jicho lile lile.

Nyumba zetu za mabati zingeliwa na kutu kwanza. Kuta za mawe na chokaa huvumilia zaidi, kama tuonavyo Ras Mkumbuu huko Pemba, ambako msikiti na makaburi ya karne nyingi bado yamesimama peke yake. Gede, karibu na Malindi, uliachwa katika karne ya 17, na Bwana Kirkman alipoanza kuchimba mwaka 1948 alikuta msitu umeingia majumbani, mizizi imekumbatia kuta kama mtu amkumbatiaye nduguye.

Kunguru wa Bara Hindi, ambaye aliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ale taka za mji, angekuwa wa kwanza kuona taabu. Yeye ni mpangaji wetu. Hana msitu wa kurudia, riziki yake ni jaa. Hatudhani kuwa wangelia wengi. Popo wa Pemba, ambaye hapatikani duniani ila Pemba, angefurahi kwa upande mmoja, maana watu walikaribia kummaliza kwa kumla kabla ya kuanza kumhifadhi. Lakini chakula chake kingi ni maembe na mashelisheli, na miti hiyo ililetwa na watu na kupandwa majumbani. Angekula, angebeba kokwa, angezitupa mbali. Kima punju wa Jozani wao wamezoea kula mkaa wanaouokota penye matanuri na majiko, kwani husaidia kutuliza sumu ya majani ya mikungu na miembe. Bila ya mtu hapana mkaa, isipokuwa radi ipige mti. Tulipowasimulia jamaa zetu harusini kuwa kwetu kima hula mkaa, walitutazama kama tulivyomtazama yule mzee aliposema khabari ya sokwe.

Sasa tufike kwenye mkarafuu.

Mkarafuu ni mgeni. Asili yake ni visiwa vya Maluku, na kwetu uliletwa mwanzoni mwa karne ya 19. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Mti haukujipanda wenyewe baada ya hapo, ulipandwa na mikono, na mikono mingi ya wakati huo haikuwa na hiari. Twasema haya ili mjue kuwa kila mkarafuu mzee mnaouona una mtu nyuma yake.

Mwanachama ajua, lakini aghlabu hakai kulifikiri, kuwa karafuu tuuzayo si ua wala tunda. Ni tumba lililochumwa kabla ua halijafunguka. Kila msimu tunaokwenda mitini, kazi yetu ni kuzuia maua yasifunguke. Lau tusingechuma mwaka hata mmoja, mikarafuu yote ya Pemba na Unguja ingefunguka maua, nyuki wangejaa, na baada yake matunda yangeiva na kudondoka. Mbegu ya mkarafuu haiwekwi. Ikikaa siku chache imekufa. Lakini ikianguka pale pale chini ya mama yake, penye kivuli na unyevu, huota. Maotea yangekuwa mengi kama mchicha.

Tuliporudi hatukutaka kuandika haya kwa kukisia. Tulichukua wanachama wawili tukaingia katika mojawapo ya mashamba yale yaliyozungumzwa, ambalo mwenyewe yuko Maskati na hajafika kwa miaka mingi. Panga lilitangulia. Mlangamia umetambaa juu ya miti kama wavu wa njano, na baadhi ya mikarafuu iliyofunikwa imekauka imesimama. Mingine imekufa kwa mchwa. Maji moto wamejenga viota vyao kila tawi, na mmoja wa wenzetu alivua shati lake mbele ya watu bila ya kuona haya. Lakini chini, katika giza lile, tuliyaona maotea kweli, mengi, mazuri, yenye majani mekundu machanga. Wenzetu walifurahi, wakasema: ehe, mzee alisema kweli, shamba linajizaa.

Tukayatazama vizuri. Yote yalikuwa ya kimo cha goti au chini. Hatukuona hata moja lililopita kiuno. Huota, hukosa jua, hufa, yakaota mengine. Miti iliyokwisha wahi kutoka kupata mwanga haikuwa mikarafuu. Ilikuwa miembe, mifenesi, na miti ya porini ambayo mbegu zake huletwa na ndege. Huko Amani, milima ya Usambara, ulipandwa zamani mti wa kwao ni ukanda wa ziwa, ambao Waganda huuita musizi. Hondohondo walipenda matunda yake, wakaubeba, na leo umejaa msituni mahali ambapo hapana aliyeupanda. Ndege hana daftari la shamba.

Kwa hiyo twaona kuwa lau watu wangeondoka, mkarafuu usingepotea mara moja. Miti mizee huishi miaka mia na zaidi, na pale ambapo mti mkubwa huanguka na jua likaingia, maotea mawili matatu yangepanda juu. Kifo cha ghafla, ugonjwa ambao wazee wetu wanaujua na ambao wataalamu walioushughulikia katika miaka ya 1940 na 1950 waliuona kuwa ni kuvu, nao ungeendelea na kazi yake. Na panapoingia moto mkarafuu haustahimili, gome lake ni jembamba. Baada ya miaka mia mbili, mkarafuu ungekuwa mti mmoja mmoja ndani ya msitu wa miembe, mifenesi na mivule, wenye maua yaliyofunguka, usioitwa jina na mtu.

Huo ungekuwa msitu, tena pengine mzuri. Lakini haungekuwa ule uliokuwapo kabla ya mkarafuu kuletwa. Mabaki ya ule tunayo Ngezi, na mwenye kutaka kuyaona aende, kwani ni karibu kuliko Rubondo. Nchi haikurudi nyuma Sese, wala Rubondo, wala katika Ghuba ya Mwanza; kila mahali iliendelea mbele kutoka pale watu walipoiachia, na vyote walivyovileta, vizuri na vibaya.

Limebaki la jirani. Shamba lile la Maskati limepakana na mwanachama wetu mmoja, mjane, mwenye mikarafuu aliyoipanda na marehemu mumewe. Mlangamia umekwisha vuka mpaka. Tuliuona kwenye mti wake wa tatu, umeshika tawi la chini. Alituambia kuwa huukata kila Ijumaa na kila Ijumaa huukuta umerudi, na yeye hawezi kuingia kwa mwenziwe kuukata bila ya idhini. Tumempelekea khabari mwenye shamba. Amejibu kuwa hana kipingamizi kusafishwa, ila hana fedha za kutuma mwaka huu, na akauliza kama mfenesi wa mlangoni bado uko. Tumemjibu kuwa uko, na unazaa sana.

Jambo hili basi litakuwa la pili katika ajenda ya mkutano ujao, baada ya hesabu. Gharama ya panga na siku za kazi tutazileta zimeandikwa. Mzee wetu tumekwenda kumwona nyumbani kwake, tukamsimulia khabari ya nzohe na furu, akasikiliza mpaka mwisho. Amesema atakuja, kwa sharti kuwa yeye aseme wa mwisho.

Katibu